Mkate Usioguswa na Mjane

Alhamisi ile niliamshwa na sauti ya maji yakimiminwa. Nje bado giza. Nilikuwa nimelala kwenye nyumba ya wazazi wa rafiki yangu, kijijini, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi dogo kutoka mji wa Vinnytsia, Ukraine. Ilikuwa Oktoba 2019, siku chache baada ya sikukuu ya Pokrova, ambayo kwao ndiyo inayofungulia harusi mlango: mavuno yameshaingia ghalani na mfungo wa kabla ya Krismasi bado haujafika. Rafiki yangu, tuliyekuwa tukisoma naye famasia, alikuwa anaolewa Jumamosi. Alhamisi ilikuwa siku ya kuoka korovai, mkate wa harusi.

Nilijua nimekuja kusaidia. Nikajifunga kitenge kiunoni, nikanawa mpaka viwiko, nikaingia jikoni. Mama yake rafiki yangu akanishika bega na kunielekeza kwenye benchi la ukutani. "Wewe mwanangu kaa hapa uangalie. Hujaolewa bado."

Kwenye benchi hilo alikuwa ameshakaa mtu. Alikuwa shangazi wa bibi harusi, dada wa baba yake, mama wa miaka hamsini na kitu, mwenye mikono mipana ya mtu aliyekanda unga maisha yake yote. Yeye aliolewa, tena ana watoto wakubwa. Lakini mumewe alikuwa amefariki miaka sita nyuma, kwa hiyo naye alikaa.

Wanaolijua jina la korovai wengi wamelijua kwa picha: mkate mkubwa wa duara, umeumuka kama kuba la kanisa, umepambwa kwa njiwa, misuko, majani, vichala vya matunda na maua, vyote vya unga. Picha hizo ni nzuri nami huzipenda. Ila mikono haionekani kwenye picha, na kwenye korovai mikono ndiyo kila kitu. Hata aliyeukanda ana jina lake, korovainytsia, na si kila mwanamke anaweza kuitwa hivyo. Awe ndani ya ndoa yake ya kwanza, mumewe yu hai, wanaishi kwa masikilizano, na awe amejaliwa watoto. Mjane hapana. Mtalaka hapana. Aliyeolewa mara ya pili hapana. Idadi yao iwe witiri, na inayopendwa zaidi ni saba. Wanaamini kwamba maisha ya mkandaji huingia kwenye kinyunya kama chumvi inavyoingia, nao maharusi watakuja kuyala.

Walikuwa saba kweli. Dirishani zilipangwa chupa saba za plastiki zilizowahi kuwa za soda, kila moja ikiwa na maji ya kisima cha nyumba nyingine. Nyimbo za zamani zinataka maji ya visima saba, unga wa vinu saba, mayai ya kuku wa nyumba saba. Unga wa siku ile ulitoka kiwanda kimoja, nao hawakuuonea haya. Lakini maji waliyafuata mlango kwa mlango jioni ya Jumatano, na kila mwenye kisima alijua amechangia nini.

Kabla ya kugusa unga waliomba ruhusa. Mzee aliyechaguliwa kusimamia harusi, wanayemwita starosta, alisimama karibu na mlango akiwa amefungwa rushniki, ile taulo ndefu ya kitani iliyotariziwa nyekundu na nyeusi. Wakamwomba baraka mara tatu, naye akajibu mara tatu kwamba Mungu anabariki. Baada ya hapo ndipo mfuko wa unga ulipofunguliwa.

Nilihesabu viini vya mayai thelathini. Ute uliwekwa kando, umebakizwa keki nyingine. Siagi, maziwa ya uvuguvugu, sukari, chumvi, na hamira iliyokuwa imeumuka tangu alfajiri. Beseni la kukandia lilikuwa la mbao, la bibi yake bibi harusi, lenye ufa uliozibwa kwa waya. Wanawake walikuwa wakipokezana. Wawili wakikanda, wawili wanakunja mikono wakingoja, na wengine wanaimba. Kinyunya kilikuwa cha manjano kama mahindi mabichi na kilikataa kuachana na vidole kwa muda mrefu sana. Nilikuwa natazama misuli ya mikono yao ikicheza, nikasikia hamu ya kusimama nikapokee zamu. Nilimtazama shangazi. Viganja vyake vilikuwa magotini, na vidole vilikuwa vinajikunja na kujikunjua kwa mapigo yaleyale ya wale waliokuwa wakikanda.

Niseme wazi jinsi nilivyojisikia. Mama yangu ni mjane tangu nina miaka tisa. Tanga, siku ya kumsinga dada yangu, shoga zake wawili walimnong'oneza asiwe yeye wa kwanza kumpaka mwanawe singo. Aanze mwenye mume, ndiyo heri. Mama alitabasamu, akampisha mwenzake, kisha akaenda jikoni kuangalia pilau ambalo halikuhitaji kuangaliwa. Nilikuwa mdogo, lakini nililielewa lile pilau. Kumbe nimesafiri mbali kiasi kile nije kuliona tena, kwenye benchi, likiwa na kitambaa cha maua kichwani.

Sikuwahi kuipenda sheria hii na siipendi leo. Kifo si kosa la aliyebaki. Lakini nilichokiona mchana ule kilinizuia kuihukumu haraka.

Nyimbo za korovai zina mpangilio. Kuna za kuomba baraka, za kumimina unga, za kukanda, za kupamba, za kuwasha tanuri, za kuuingiza na za kuutoa. Kila hatua na wimbo wake, na wimbo ndio unaowaambia watu kazi imefika wapi. Wale wanawake saba walikuwa wa umri wa miaka thelathini hadi arobaini na kitu. Mmoja alikuwa karani wa benki mjini, mwingine mwalimu. Walizijua beti za mwanzo. Wakifika katikati, sauti zinapungua, wanatazamana, halafu vichwa vyote saba vinageukia benchi. Naye shangazi, bila kusimama, anaushika ubeti pale ulipoangukia na kuuendeleza, sauti nzito inayotoka kifuani. Wanampokea. Ilitokea hivyo mara tano, mara sita. Mikono ilikuwa yao, lakini mkate ulikuwa ukienda kwa pumzi yake.

Mapambo yanatumia kinyunya cha pili, cha unga, mayai na maji tu, bila hamira, kigumu kama udongo wa mfinyanzi. Kikiumuka, njiwa anavimba na kuwa bata. Njiwa wanatengenezwa kwa kipande cha unga kilichoviringishwa kama kamba na kufungwa fundo moja: ncha moja inachongwa kichwa, nyingine inabonyezwa bapa na kukatwa kwa mkasi iwe mkia. Msuko mnene unazungushwa chini ya mkate wote kama mkanda, nao una kazi yake, kuushika usipasuke ubavu. Juu kabisa wanakaa njiwa wawili wanaotazamana, ndio maharusi. Pembeni vinapangwa vishishki, maumbo ya matunda ya msonobari, kwa ajili ya uzazi. Kisha majani ya barvinoki, mmea mdogo unaotambaa na kubaki kijani hata chini ya theluji, na vichala vya kalina, matunda mekundu yanayoiva Oktoba.

Barvinoki ilinishughulisha. Kwa mtu wa famasia ule mmea una ndugu yake huku kwetu: ua la asili ya Madagascar, jeupe au la waridi, linalopandwa mbele ya nyumba nyingi za pwani, ambalo wataalamu waliwahi kuliweka kwenye jenasi moja na barvinoki. Ndilo lililotupatia vinkristini, dawa inayotibu saratani ya damu kwa watoto. Nilimweleza rafiki yangu jambo hilo huku akitengeneza taji lake la majani yaleyale, akaacha kusuka, akalinusa moja kama analiona kwa mara ya kwanza.

Ilipofika zamu ya macho ya njiwa, mama mwenye nyumba alifungua kabati akatoa karafuu. Kwa lugha yao inaitwa hvozdika, jina lililotokana na msumari, kwa umbo lake. Mimi niliyekulia Tanga, ambako harufu ya karafuu za Pemba huingia sokoni na kila jahazi, nilijikuta nimesimama. Wakacheka, wakajadiliana kidogo. Wakaona macho si kinyunya, na msichana ambaye hajaolewa heri yake bado haijatumika, haina kasoro. Nikaruhusiwa. Nilichomeka karafuu kumi na nane kwenye njiwa tisa, mkono ukinitetemeka. Shangazi hakuruhusiwa hata hilo. Alinielekeza kwa kidole toka benchini: "Juu kidogo. Asije akaonekana amesinzia."

Tanuri lao, pichi, ni la matofali, limepakwa chokaa, linachukua robo ya chumba. Waliliwasha kuni mapema na likawaka mpaka matofali yakabadilika rangi. Makaa yakasogezwa kando. Mila inataka majivu yafagiliwe na mwanamume mwenye nywele za mawimbi, ili mkate nao utoke wa mawimbi, umejaa. Akaitwa jirani, dereva wa trekta, kichwa chake kimejikunja kama kondoo, akafagia huku akitaniwa. Mama akatupa chembe za unga kwenye sakafu ya tanuri. Zikawa nyeusi papo hapo. Wakangoja. Akatupa tena, zikageuka rangi ya asali. "Sasa." Chini ya mkate yalitandikwa majani ya kabichi. Waliuimbia ule wimbo wa kale unaosema tanuri linacheka kwa hamu ya mkate, wakausukuma ndani, mlango ukafungwa.

Wakalinyanyua beseni tupu juu, mikono yote, wakazunguka nalo. Maji waliyonawia hayakumwagwa ovyo. Yalitolewa nje kwa beseni la chuma na kumwagwa kwenye shina la mcheri, kwa sababu ni mti unaozaa.

Halafu kimya. Hakuna kupiga mlango, hakuna kupaza sauti, hakuna mgeni kuingia. Korovai ukipasuka, ndoa itapasuka. Ukiungua, kuna tabu. Ukizama katikati, hali kadhalika. Nimewahi kukaa nje ya chumba cha upasuaji na ukimya wake haukuzidi huu.

Ulipotoka ulikuwa wa rangi ya shaba, njiwa wakiwa bado weupe kwa sababu hawakupakwa yai. Wanawake wakapiga makofi. Ubavuni, chini ya msuko, upande wa ukutani, kulikuwa na ufa wenye urefu wa kucha. Niliuona. Nikaona kwamba na mama ameuona. Alichukua kishada cha kalina na majani mawili ya barvinoki, akavichomeka pale kama vile ndipo vilipotakiwa tangu mwanzo. Shangazi naye aliona, akageuza uso dirishani. Hakuna aliyesema neno, si siku ile wala baadaye.

Baadaye, mjini, nilitafuta habari zaidi. Watu wameuandika mkate huu kwa muda mrefu. Pavlo Chubynsky, yuleyule aliyeandika maneno ya wimbo wa taifa la Ukraine, aliongoza msafara wa kukusanya mila mnamo 1869 na 1870, na juzuu yake ya 1877 imejaa harusi za vijijini. Mykola Sumtsov wa Kharkiv alichapisha mwaka 1885 utafiti mzima kuhusu mkate katika mila na nyimbo. Mwanaisimu Oleksandr Potebnia aliuhusisha mkate huu na kafara ya ng'ombe, kwa sababu korova kwa lugha yao ni ng'ombe. Asili ya jina inabishaniwa mpaka leo. Kinachojirudia kila mahali ni ukali wa masharti. Mjane akiolewa tena hakuokewa korovai. Msichana aliyezaa kabla ya ndoa hakuokewa. Yaani mkate ulikuwa ushahidi wa kijiji kizima, na kunyimwa kwake kulikuwa hukumu.

Lakini bibi wa nyumba ile, aliyezaliwa 1934, alinipa historia nyingine jikoni usiku ule akimenya viazi. Mama yake alinusurika na Holodomori, njaa ya 1932 na 1933, pale serikali ya Stalin ilipokomba nafaka vijijini mpaka mamilioni wakafa katika nchi yenye udongo mweusi wenye rutuba kuliko karibu yote duniani. Sheria ya tarehe 7 Agosti 1932 ilimfanya mtu kuuawa au kufungwa miaka kumi kwa kuokota masuke ya shamba la ujima. Bibi akaniambia kwamba nyumbani kwao kipande cha mkate kikianguka kinaokotwa na kubusiwa. Nilishawaona wakifanya hivyo, nikidhani ni unadhifu. Yeye mwenyewe aliolewa miaka ya hamsini, vita vikiwa vimewala wanaume wa kijiji. "Watafutwe wapi wanawake saba wenye waume?" Korovai wake uliokwa na wawili, unga wa ngano ukichanganywa na wa rai, na njiwa walikuwa wawili tu. Nikamuuliza kama wote wawili walitimiza masharti. Akaendelea kumenya.

Jumamosi ukumbini mkate ulikaa mbele ya maharusi saa nyingi, juu ya rushniki, watu wakiupiga picha. Mimi nilidhani ndio mwisho wa safari yake. Usiku, muziki ukasimamishwa, na msimamizi wa bwana harusi akaja na kisu. Kile kipande cha juu, chenye njiwa wawili, wakapewa maharusi. Kisha akaanza kuita. Wazazi, wazazi wa ubatizo, babu na bibi, mashangazi, wajomba, binamu, majirani, kila mmoja kwa jina na kwa nafasi yake. Anayeitwa anasogea, anatoa baraka zake, anatunza, anakabidhiwa kipande na kikombe kidogo. Kitako cha mkate ni cha wanamuziki, ndiyo haki yao tangu zamani. Aliyekuwa mgonjwa nyumbani alitengewa chake kwenye karatasi. Asiitwe mtu, ni tusi litakalokumbukwa miaka.

Pale ndipo nilipouelewa ule urembo wote. Umetengenezwa ili uvunjwe. Saa nane za kazi ya mkasi na vidole ziliisha kwa dakika arobaini, na kila mtu ukumbini alijua sasa yeye ni nani kwa nani. Shangazi aliitwa mapema sana, kabla ya wajomba. Alitunza rushniki aliyoitarizi mwenyewe majira mawili ya baridi. Kipande alichopewa kilikuwa na jani la unga na chembe mbili za kalina. Sikuweza kuona kama ni za upande ule wa ukutani. Mimi niliitwa karibu na mwisho, "binti yetu kutoka Tanzania", nikapata njiwa mmoja. Sikumla. Yuko kwenye kabati la kioo la mama yangu Tanga, amekauka kama jiwe, macho yake ya karafuu yangali na harufu ukimsogeza puani.

Siku hizi mjini watu wengi wanaagiza korovai kwa mwokaji wa biashara, na baadhi ni mafundi wa hali ya juu. Waukraine waliohamia Canada kuanzia 1891 walikwenda nao, na mpaka leo Edmonton na Winnipeg harusi zao zina njiwa hao. Sioni ubaya. Mkate wa kuagiza ukikatwa na kugawiwa kwa majina umefanya kazi yake. Ila nimebaki na upendeleo kwa ule wa chupa saba.

Nilirudi nyumbani 2021. Februari 2022 vita vilipopanuka, nilikuwa nikilala na simu mkononi. Tarehe 14 Julai mwaka ule makombora yalipiga katikati ya Vinnytsia, asubuhi, mahali nilipokuwa nikipita kwenda kununua vitabu, wakafa watu zaidi ya 20, watoto wakiwemo. Rafiki yangu na mumewe walikuwa salama. Kijijini mambo yalikuwa tofauti, na nilikuwa nikiyapata kidogo kidogo, jina moja baada ya jingine.

Vuli ya 2024 mdogo wake rafiki yangu alipata likizo ya siku kumi kutoka jeshini na akataka kuoa. Mwaka ule serikali yao ilikuwa imeruhusu hata kufunga ndoa kwa simu, kupitia programu ya Diia, kwa ajili ya watu kama yeye. Mama yake akasema ndoa ifungwe popote wanapotaka, lakini korovai utaokwa. Akaanza kuwatafuta wale saba wa 2019. Wawili walikuwa sasa wajane. Mmoja alikuwa Poland na wanawe. Wa nne mumewe hajulikani alipo tangu masika, na hakuna aliyethubutu kumuuliza aitweje.

Walinipigia kwa video Alhamisi asubuhi, kwangu saa nne. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa dirishani. Nilihesabu chupa, zilikuwa saba. Benchi la ukutani lilikuwa tupu. Wanawake walikuwa watano kuzunguka beseni lile lenye waya, na katikati yao shangazi, nywele zimekuwa nyeupe, mikono imezama kwenye kinyunya cha manjano mpaka juu ya viganja. Hakunitazama. Alikuwa amefika ubeti wa tatu, na wengine walikuwa wanamfuata.